Mohamed Yupi? Historia ya Namba Zinazotambulisha Programu

Kwenye kipindi jambo hili tuligusia haraka haraka tu, basi hapa tulinyooshe.

Tarehe 1 Agosti 2012, Knight Capital ya Marekani, kampuni iliyokuwa ikinunua na kuuza hisa kwa kompyuta, ilianza siku na programu mpya kwenye seva 8. Kumbe imewekwa kwenye 7 tu. Ya nane ilibaki na msimbo wa zamani, ambao uliamshwa na oda za siku hiyo ukaanza kununua na kuuza ovyo. Dakika 45 tu, na hasara ikapita dola milioni 460. Kabla mwaka haujaisha, kampuni ikakubali kuungana na Getco.

Swali lililokosa mtu wa kuliuliza ni jepesi: seva hii inaendesha programu ipi hasa?

Jina peke yake halitoshi. Si unajua kwenye harusi zetu, ukiita "Mohamed!" wanageuka watu saba. Toleo 2.1 nalo ni hivyo hivyo. Mtu anarekebisha kitu asubuhi, anaitengeneza upya programu jioni, na bado inaitwa 2.1.

Mafundi walilihangaikia hili mapema. Mwaka 1972 Marc Rochkind wa Bell Labs alibuni SCCS, mfumo wa kutunza matoleo ya msimbo. Uliweza kupachika alama ndani ya faili, ikianza na @(#), na amri iitwayo "what" ikaitafuta hata ndani ya programu iliyokwisha kutengenezwa. Miaka ya 1980 Walter Tichy wa Chuo Kikuu cha Purdue akaleta RCS, yenye alama yake, $Id$. Ila alama hizo zilitaja kila faili la msimbo peke yake. Programu nzima iliyotoka mwishoni haikuwa na jina lake.

Mwaka 2005 Linus Torvalds akaja na Git: kila hali ya msimbo inapewa jina la herufi na tarakimu 40, linalokokotolewa kutokana na yaliyomo. Hakuna mtu anayekaa kuchagua namba. Mwaka 2007 Roland McGrath wa Red Hat akapeleka wazo kama hilo kwenye programu yenyewe, ndani ya Fedora. Vipande vya programu vinapounganishwa, kompyuta inapiga hesabu juu ya matokeo na kupachika "build ID" humo humo. Yaliyomo yakibadilika, namba inabadilika. Programu ikianguka Muscat au Leicester, fundi anaisoma na kujua ni ipi kati ya nakala zote alizowahi kutoa.

Namba haizuii ajali, lakini. Lazima mtu, au mashine, azilinganishe. Kama seva zile 8 zingeulizwa kabla soko halijafunguliwa, moja ingetaja jina tofauti na wenzake.

Hebu fungua mipangilio ya simu yako, sehemu ya kuhusu simu. Utaikuta namba ya namna hii. Siku ukimpigia fundi, msomee hiyo, siyo "ile mpya niliyoweka juzi".