Meja aliyeuawa na karatasi zilizosalia Strokestown

Ifikapo Novemba 2, 2027 itatimia miaka 180 tangu Meja Denis Mahon auawe kwa risasi barabarani, akirudi nyumbani kwake Strokestown, Kaunti ya Roscommon, nchini Ireland. Marehemu alikuwa kabaila mwenye ekari 11,000 hivi. Waliokuwa wakimlipa kodi walikuwa wakulima ambao, kwa miaka miwili, hawakuwa na cha kula wala cha kulipa. Nyumba yake ingali imesimama, na mazizi ya farasi wake ndiyo leo Makumbusho ya Taifa ya Njaa.

Roscommon haimo katika njia kuu za watalii. Haina pwani, haina jiji, wakazi wake ni kama 70,000 tu, na mabasi ya wageni huipita yakikimbilia Galway na bahari. Hata hivyo, kwa makumbusho madogo ya historia ya mahali, ni kaunti iliyojaliwa. Mtu mwenye gari na siku chache anaweza kutoka katika jumba la kabaila hadi katika kambi ya jeshi, kisha makao ya wafalme wa kale, na kumalizia chini ya mlima katika mgodi wa makaa ya mawe. Wengi huanza Strokestown, na ni haki yao.

Mji wenyewe unashangaza kabla hujafika langoni. Barabara yake kuu ni pana kupita kiasi kwa mji mdogo namna ile. Wenyeji husimulia kwamba bwana mmoja wa ukoo wa Mahon alitaka kuishinda barabara ya Ringstrasse ya Vienna. Hadithi ni tamu, ila Ringstrasse ilianza kujengwa baada ya mwaka 1857, wakati mabwana wale walikuwa wameshalala kaburini. Mwisho wa barabara ni lango, na nyuma ya lango ni jumba lililopata sura yake katika karne ya 18. Jikoni kuna roshani iliyojengwa juu kwa juu. Bibi wa nyumba alisimama pale na kuwadondoshea wapishi orodha ya vyakula vya wiki, asije akalazimika kushuka walikokuwa. Kuna na njia ya chini kwa chini kati ya jiko na mazizi, ili watumishi wapite bila kuonekana bustanini. Wachache wamewahi kutumia matofali mengi hivyo ili tu wasiwaone watu waliowalisha.

Makumbusho haya yasingekuwepo kama si shida ya nafasi ya kuegesha malori. Mwaka 1979 Jim Callery, mfanyabiashara wa hapohapo mwenye gereji ya malori, alihitaji kipande cha ardhi apanue biashara yake. Ukoo wa Mahon, uliokuwa umekaa pale kwa karne tatu, ulikuwa umefikia ukingoni. Bibi wa mwisho, Olive Pakenham Mahon, alikuwa kikongwe. Callery akanunua ardhi, na jumba likaja pamoja nayo. Alipokuwa akipekua ofisi ya shamba alikuta karatasi: hesabu, ramani, barua, daftari za kodi. Miongoni mwazo lilikuwamo ombi lililoandikwa Agosti 1846 na wapangaji wa kitongoji cha Cloonahee, wakieleza kwamba watoto wanalia njaa mbele yao nao hawataweza kustahimili kwa muda mrefu. Majina yaliyokuwa chini ya ombi lile yalikuwa majina ya watu anaowajua mtaani. Mpango wa kuachana na jumba ukafa palepale.

Karatasi hizo ni zaidi ya 50,000, na ni nadra kupata nyingine za aina yake Ireland. Majumba ya makabaila yaliteketezwa kwa mamia katika vita vya kati ya 1920 na 1923. Mengine yaliezuliwa baadaye na kuuzwa mabati, mbao na mawe. Yalipoungua, na nyaraka ziliungua. Strokestown iliokoka.

Njaa yenyewe inajulikana. Mwaka 1845 ugonjwa wa bakajani uliingia katika viazi, chakula cha kila siku cha maskini, na kufikia 1852 watu kama milioni moja walikuwa wamekufa na zaidi ya milioni moja wamehama nchi. Roscommon ilikuwa na watu zaidi ya 253,000 mwaka 1841. Miaka kumi baadaye walibaki 173,000 hivi. Karibu theluthi walikuwa wametoweka.

Denis Mahon aliirithi Strokestown mwishoni mwa 1845, katika mwezi ambao mtu mwenye busara angeikimbia. Mtangulizi wake, Lodi Hartland wa tatu, alikuwa na maradhi ya akili, na shamba lilikuwa limeachwa kwa miaka mikononi mwa mahakama. Vipande vilikuwa vimegawanywa na kugawanywa tena, na kodi iliyolimbikizwa ilifikia pauni 13,000. Meja akamwajiri John Ross Mahon kuwa msimamizi. Ross Mahon alikuwa mtu wa hesabu. Alipiga mahesabu ya kuwatunza wapangaji fukara katika nyumba ya maskini, gharama ambayo mzigo wake uliwaangukia wenye ardhi, kisha akapiga ya kuwalipia nauli ya meli kwenda Kanada. Kanada ilikuwa nafuu, tena kwa karibu nusu. Karatasi ya hesabu hiyo inatisha kuliko picha yoyote ya njaa, kwa kuwa haina hasira wala chuki ndani yake.

Mei 1847 watu 1,490 waliondoka Strokestown. Walitembea kando ya Mfereji wa Royal hadi Dublin, kama kilomita 165, wakisindikizwa na mtu wa Meja aliyetakiwa kuhakikisha wanapanda meli. Kutoka Dublin walivushwa hadi Liverpool, na huko wakagawanywa katika meli nne: Virginius, Naomi, John Munn na Erin's Queen. Virginius ilibeba abiria 476. Ilipofika kituo cha karantini cha Grosse Île, katika Mto St Lawrence, 158 walikuwa wamekufa baharini, na waliobaki hai wengi wao walikuwa wagonjwa wa homa ya chawa. Daktari mkuu wa kisiwa, George Douglas, aliyekwisha kuona meli nyingi mwaka ule, aliandika kwa mshtuko juu ya watu wa Virginius waliotokeza sitahani kama vivuli.

Habari zilirudi Roscommon polepole, zikiongezwa chumvi njiani. Ikavuma kwamba Meja aliwapakia watu katika meli mbovu kwa makusudi.

Na hapo ndipo ugomvi ulipowaka. Mwandishi wa Kimarekani Peter Duffy, aliyeandika kitabu kizima juu ya mauaji haya mwaka 2007, anaupa nafasi kubwa mvutano wa watu wawili: Meja na padri wa parokia, Michael McDermott. Wote wawili walikuwa katika kamati ya misaada ya mji. Meja alipokuwa Uingereza, padri ndiye aliyeshughulika na wenye njaa. Meja aliporudi akataka kuziona hesabu za kamati. Katika kikao cha Agosti 1847 padri alimjia juu mbele ya watu: yeye alikuwa akistarehe ng'ambo wakati watu wake wanakufa, na sasa anarudi kuwabomolea vibanda. Kwa padri wa Kikatoliki kumkemea kabaila wa Kiprotestanti hadharani, katika Ireland ya wakati ule, lilikuwa jambo zito.

Jioni ya Novemba 2 Meja alitoka Roscommon mjini katika kikao cha bodi ya nyumba ya maskini. Alikuwa katika gari la farasi pamoja na daktari, Terence Shanley. Karibu na kitongoji cha Doorty, kilomita chache kabla ya nyumbani, waliokuwa wamevizia walifyatua. Meja akafa papo hapo. Usiku ule mioto iliwashwa vilimani, na si ya maombolezo.

London ikapandwa na jazba. Desemba, katika Baraza la Malodi, Lodi Farnham alisimama na kudai kwamba kabla tu ya mauaji Padri McDermott alitamka madhabahuni kuwa Mahon ni mbaya kuliko Cromwell, na bado yu hai. Kwa msikilizaji wa Ireland, Cromwell ni jina lisilohitaji maelezo: ndiye aliyeongoza jeshi la Uingereza nchini humo mwaka 1649, na ni katika ugawaji wa ardhi uliofuata ndipo ukoo wa Mahon ulipopata Strokestown. McDermott alikana katakata magazetini. Hakumtaja Meja kanisani, alisema, na kama watu walitafuta chanzo cha kifo chake wakakitafute katika vibanda vilivyobomolewa. Lodi Shrewsbury, Mkatoliki wa Kiingereza, akaingia kati na kuwashambulia maaskofu wa Ireland kwa barua za wazi. Bunge likapitisha sheria kali ya kuzuia uhalifu Ireland kabla mwaka haujaisha.

Pigo kubwa zaidi lilitoka kwa askofu wa Elphin, George Browne. Hakubishana juu ya mahubiri. Aprili 1848 alichapisha katika gazeti la Freeman's Journal orodha ya waliofukuzwa katika ardhi ya Mahon: familia 605, watu 3,006. Upande wa shamba ulizipinga takwimu zake, lakini orodha ya majina ni kitu kigumu kukipinga. Mwaka huohuo Patrick Hasty alinyongwa kwa mauaji ya Meja. Kama padri alitamka maneno yale au la, mpaka leo wanahistoria hawajaafikiana, na mwandishi wa makala hii haoni dalili kwamba watakuja kuafikiana.

Kinachoumiza katika makumbusho haya ni urari wa ushahidi. Kifo cha Meja tunakijua kwa tarehe, kwa mahali, hata na daktari aliyeketi kando yake. Wengi wa waliokufa kwa njaa wapo tu kama mistari iliyokatwa katika daftari la kodi. Wanapozungumza wenyewe, kama wale wa Cloonahee, wanazungumza na bwana wao kwa unyenyekevu wa mwombaji, na sauti yao imetufikia kwa sababu ofisi ya bwana ilihifadhi barua.

Tangu karatasi hizo zipatikane, mambo yamekwenda haraka. Makumbusho yalifunguliwa na Rais Mary Robinson mwaka 1994, kwa juhudi za Callery na kampuni yake zaidi ya za serikali, jambo ambalo Dublin haina sababu ya kulionea fahari. Mwaka 2015 usimamizi ulikabidhiwa Irish Heritage Trust, na mwaka 2022 milango ikafunguliwa upya baada ya ukarabati mkubwa. Njia ya Mfereji wa Royal nayo imekuwa njia ya matembezi, ikiwa na viatu vya watoto vya shaba vilivyosimamishwa kituo baada ya kituo. Watafiti wanaendelea kuwatafuta wazao wa wale 1,490. Mmoja aliyepatikana mapema ni Daniel Tighe, mvulana wa miaka 12 aliyenusurika katika Naomi pamoja na dada yake Catherine. Familia ya Kifaransa ya Quebec, akina Coulombe, iliwachukua, na hatimaye Daniel akarithi shamba lao. Wazao wake wamekuja Strokestown kuona alikotoka.

Makumbusho mengine ya kaunti yanastahili zaidi ya yale yanayopewa. Pale Tulsk kuna kituo cha Rathcroghan, makao ya kale ya wafalme wa Connacht na ya Malkia Medb wa hadithi, yenye maeneo ya kale zaidi ya 200, mengi yake yakiwa ardhini mwa wakulima wanaolisha ng'ombe juu yake. Elphin kuna kinu cha upepo cha karne ya 18 kilichofufuliwa. Karibu na Frenchpark, katika kanisa alilohudumu baba yake, anakumbukwa Douglas Hyde, rais wa kwanza wa Ireland, na kaburi lake lipo hapohapo.

Boyle kuna King House, nyumba ya ukoo wa King iliyogeuzwa kambi ya kikosi cha Connaught Rangers. Mwaka 1920 baadhi ya askari wa kikosi hicho waliasi India kupinga vitendo vya jeshi la Uingereza nyumbani kwao. Kiongozi mmoja, James Daly, alipigwa risasi na kikosi cha kutekeleza hukumu ya kifo, nayo ilikuwa Novemba 2. Akina King na akina Mahon nusura wawe nyumba moja: Olive aliolewa Julai 1914 na mrithi wa mali ya King, Edward Stafford-King-Harman, naye akauawa vitani Ubelgiji miezi minne baadaye.

Ukitaka kusikia maskini akijisemea mwenyewe, endesha gari kaskazini hadi Arigna. Makaa ya mawe yalichimbwa huko tangu karne ya 18 hadi 1990, kituo cha umeme kilichoyanunua kilipofungwa. Tabaka la makaa lilikuwa jembamba kiasi kwamba mchimbaji alilala ubavu ndani ya maji na kuchimba akiwa amelala. Tangu mwaka 2003 wageni huteremshwa mgodini, na wanaowaongoza ni waliokuwa wachimbaji. Hawasomi maelezo ukutani. Wanaonyesha kwa mikono jinsi sururu ilivyoshikwa, na ukiuliza kuhusu mishahara watakujibu kwa kirefu. Kijana aliyeingia mgodini mwaka wa mwisho sasa amevuka miaka hamsini, na wakubwa wake wengi wamekwisha kustaafu hata kazi hiyo ya kuongoza wageni.