Nauli Ililipwa na Nani?

Mtu akizungumzia gharama ya kuhamia nchi ya kigeni, huanza na vitu vinavyohesabika: tiketi, pasipoti, viza, kodi ya chumba, bei ya chakula ugenini. Hesabu hiyo ni ya kweli lakini haitoshi, na historia ya Afrika Mashariki inaonyesha kwa nini. Watu waliovuka bahari au mpaka kuja kutafuta kazi katika nchi hizi, tangu enzi za misafara hadi miaka ya mwisho ya ukoloni, mara nyingi hawakuwa na fedha ya safari. Aliyetoa alikuwa mtu mwingine: serikali, kampuni, mjomba, tajiri mwenye duka. Hoja ya makala haya ni kwamba uzito wa kuhama ulitokana zaidi na masharti ya deni la nauli kuliko ukubwa wa nauli yenyewe. Nani alilipa? Alitaka nini kama malipo? Na aliyesafirishwa aliruhusiwa kuondoka kabla deni halijaisha? Pale mlipaji alipokuwa na nguvu ya kumzuia mhamiaji asiondoke, safari ya bure iligeuka kuwa safari ghali kuliko zote.

Tuanze na reli ya Uganda, kwa kuwa takwimu zake zimehifadhiwa vizuri. Ujenzi ulipoanza Mombasa mwaka 1896, Waingereza waliagiza vibarua kutoka Bara Hindi, wengi wao Wapunjabi, waliopitia bandari ya Karachi ambako mfanyabiashara A. M. Jeevanjee alishughulikia kuwakusanya. Mkataba ulikuwa wa miaka 3. Kibarua wa kawaida aliahidiwa rupia 15 kwa mwezi, posho, matibabu, na nauli ya kuja na kurudi. Yeye hakutoa senti, ila kwa miaka hiyo 3 alikuwa wa mwajiri mmoja tu. Matokeo yake yako kwenye hesabu za reli yenyewe. Walioletwa walikuwa 31,983. Kati yao 16,312 walirudishwa kwao, 6,454 walirudishwa kwa sababu afya zao zilikuwa zimeharibika, 2,493 walikufa, na 6,724 walibaki. Njia nzima, kutoka Mombasa hadi Ziwa Viktoria, ilikuwa na urefu wa maili 582. Yaani kila maili moja ilizika zaidi ya vibarua 4. Simba wala watu wa Tsavo wa mwaka 1898 ndio waliopata umaarufu, lakini malaria, kuhara damu, vidonda na funza viliwamaliza watu wengi zaidi. Ukijumlisha waliokufa na waliorudishwa wagonjwa unapata 8,947, zaidi ya mtu mmoja kati ya kila wanne. Bunge la Uingereza lilibishana kwa miaka kuhusu mamilioni ya pauni yaliyotumika. Sehemu hii ya gharama ililipwa na vibarua na jamaa zao.

Katika miaka hiyohiyo, na hata kabla yake, bahari ileile ilikuwa ikiwaleta watu wa aina nyingine. Vijana wa Kutch na Kathiawar, magharibi mwa India, walikuja Unguja, Bagamoyo na Mombasa kwa majahazi yaliyosukumwa na upepo wa kaskazi, au kwenye sitaha ya meli za kampuni ya British India, zilizoanza safari za mara kwa mara kuja Unguja mwaka 1872. Abiria wa sitaha alibeba godoro lake na chakula chake. Allidina Visram alifika mwaka 1863 akiwa mtoto wa umri wa miaka 12 hivi, akaingia kazini Bagamoyo kwa Sewa Haji Paroo, tajiri aliyeuza bidhaa kwa misafara ya bara. Nanji Kalidas Mehta alivuka mwaka 1900 akiwa kijana mdogo, na mwaka 1924 akaanzisha kiwanda cha sukari Lugazi, Uganda. Wanahistoria wameshasahihisha dhana kwamba Wahindi wenye maduka ni wajukuu wa vibarua wa reli. Walio wengi walikuja kwa mkondo huu wa pili, ambao ulianza zamani kabla ya reli na ukaendelea baada yake.

Mkondo huo nao ulikuwa na deni lake. Kijana alipokelewa na ndugu au mtu wa jamaa yake, akala na kulala hapohapo. Aliamka alfajiri kufungua milango, akafagia, akapima vitambaa vya kaniki na merikani kwa mkono, akahesabu shanga, akajifunza Kiswahili kutoka kwa wateja, na usiku akatandika juu ya magunia. Mshahara wake haukupita mkononi. Uliandikwa kwenye daftari la tajiri, na nauli ikakatwa humo. Baada ya miaka kadhaa, kama ameonekana mwaminifu, tajiri alimpa shehena ya bidhaa kwa mkopo na kumtuma mahali pasipokuwa na duka. Kuanzia hapo faida ya mkopeshaji ilitegemea maendeleo ya mkopaji. Tajiri wa pwani aliuza kitambaa kingi zaidi kila kijana wake mmoja aliposimama peke yake kule bara, na akapata pembe, ngozi na pamba zilizorudi kwa njia hiyohiyo. Allidina Visram alipitia ngazi hizo, kisha akawapandisha wengine, mpaka maduka yake yakafuata njia za misafara na baadaye reli hadi Uganda.

Msomaji makini atapinga hapa. Atasema tofauti kati ya makundi haya mawili haikutokana na nauli ila na asili: watu wa Kutch na Kathiawar walizaliwa katika jamii za wafanyabiashara waliokuwa na wenyeji wao Afrika tangu zamani, ilhali Wapunjabi walikuwa wakulima, mafundi na askari. Pingamizi hili lina uzito, na sehemu yake ni kweli. Lakini haliwaelezi wale 6,724 waliobaki. Wengi wao walikuwa watu walewale wa Punjab, waliokuja kwa mkataba uleule, wakala posho ileile. Mkataba ulipokwisha na wakawa huru kuchagua kazi, wako walioingia karakana za reli kama mafundi kwa mshahara bora, wengine wakawa waashi na maseremala wa miji iliyokuwa ikichipuka, wengine wakapewa mashamba Kibos karibu na Kisumu. Kilichokuwa kimebadilika ni hadhi yao mbele ya mwajiri, kwani sasa waliweza kumwacha.

Pingamizi la pili ni kwamba tajiri ndugu naye alikuwa mnyonyaji, na kusifia daftari lake ni kupamba unyonge wa watoto. Hili nakubaliana nalo kwa kiasi kikubwa. Mtoto wa miaka 12 hana uwezo wa kujadili masharti. Mishahara ilicheleweshwa, mizigo iliyotolewa kwa mkopo ilipangiwa bei na mkopeshaji mwenyewe, na wanawake waliobaki Kutch walikaa miaka mingi wakisubiri barua na waume zao. Upweke wao haukuandikwa kwenye daftari lolote. Zaidi ya hayo, mkopo huo ulipita katika njia za damu na dini. Mwafrika wa Tabora mwenye akili na uaminifu uleule hakupewa shehena kwa masharti hayo, na jambo hilo liliacha kinyongo kilichodumu hata baada ya uhuru. Hata hivyo, kuna jambo moja ambalo daftari halikuweza kulifanya. Kijana aliyechoshwa na tajiri mmoja aliweza kuhamia kwa mwingine mtaa wa pili, akaacha deni lake likijadiliwa na wazee wa jamaa. Unyonyaji ulikuwepo, lakini kutoka kulikuwepo pia.

Ushahidi ulio wazi zaidi unatoka bara, kwa Warundi na Wanyarwanda waliotafuta kazi nje ya Ruanda-Urundi wakati wa Wabelgiji, wakisukumwa na kodi ya kichwa, kazi za lazima na uhaba wa ardhi. Njia moja iliwaleta Tanganyika. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge walianzisha SILABU, chombo cha kukusanya manamba, yaani vibarua wa mkataba, nacho kikatuma mawakala hadi Ruanda-Urundi. Aliyejiandikisha alipewa usafiri, posho na kambi ya kulala, naye akafungwa na mkataba. Shambani alipokea kipande, kadi ya siku 30 za kazi iliyotakiwa kujazwa ndani ya siku 42. Siku ilihesabika tu kama kazi aliyopimiwa imekamilika. Akiugua mchana au asipofikisha idadi ya matita ya majani ya mkonge, nafasi ya siku hiyo ilibaki tupu, na malipo yalingoja kipande kijae. Kutoroka hakukuwa kuvunja mapatano tu. Sheria ya mabwana na watumishi ya Tanganyika ya mwaka 1923 ilifanya kutoroka kuwa kosa la jinai, kwa hiyo deni la usafiri lililindwa na polisi na jela.

Njia ya pili iliwapeleka Buganda, kwa miguu. Hakuna aliyewalipia. Walitembea siku nyingi, wengine wakiwa na njaa, na wako waliofia njiani kwa magonjwa na uchovu. Waliofika walikuta Waganda wenye mashamba ya pamba na kahawa wakihitaji vibarua, wakachagua bwana, na wakimwona mbaya wakaenda kwa jirani. Baadhi walipata kibanja, yaani kipande cha ardhi ya kukodi, na kuwa wapangaji, wakafaidika na sheria ya mwaka 1928 iliyomzuia mwenye ardhi kupandisha busuulu (kodi ya ardhi) na envujjo (ushuru wa mazao) apendavyo au kumfukuza mpangaji bila sababu. Mwanaanthropolojia Audrey Richards na wenzake waliwachunguza wahamiaji hao, na kitabu chao kilichotoka mwaka 1954 kinaonyesha jinsi wengi walivyoingia katika maisha ya vijiji vya Buganda, hata kwa majina na koo.

Mtetezi wa mikataba atauliza: je, si bora lori na posho kuliko kufia njiani? Maafisa wa kazi wa kikoloni walijenga hoja hiyohiyo, kwamba mkataba ulimlinda mhamiaji kwa kumhakikishia chakula, daktari na safari ya kurudi. Ulinzi huo ulikuwa wa kweli kwenye karatasi, na nyakati nyingine hata shambani. Lakini jibu lilitolewa na wahamiaji wenyewe. Hata ndani ya Tanganyika, watu wengi walitembea mamia ya maili kwenda kwenye mkonge bila kupitia kwa wakala, ilhali lori lilikuwepo. Waliukataa usafiri wa bure kwa sababu walitaka kufika wakiwa huru, waulize habari za kila shamba, wajue nyapara yupi mkali na posho ipi pungufu, kisha waamue. Watu maskini kiasi hicho hawaachi kitu cha bure bila sababu. Walikuwa wamepiga hesabu ambayo maafisa hawakuipiga.

Hesabu hiyo bado inatuhusu. Leo wanawake wa Kenya, Uganda na Tanzania wanakwenda Oman, Saudi Arabia na nchi nyingine za Ghuba kufanya kazi za ndani, na mara nyingi huambiwa kwamba tiketi, viza na ada ya wakala vyote vinalipwa na mwajiri. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unazitaka kampuni za uwakala zisimtoze mfanyakazi, na ni kanuni nzuri. Ila historia inaonya kwamba kanuni hiyo peke yake ni nusu ya kazi. Chini ya mfumo wa kafala, mwajiri aliyelipa tiketi ndiye pia mdhamini wa kibali cha kuishi nchini. Kuna mabadiliko: Qatar mwaka 2020 na Oman mwaka 2021 zililegeza sharti la mfanyakazi kuleta ridhaa ya mwajiri wa zamani ili ahamie kwa mwingine. Lakini Saudi Arabia ilipofanya mageuzi yake mwaka 2021, iliwaacha nje wafanyakazi wa majumbani, yaani walewale waliofungiwa ndani ya nyumba moja na wasio na mwenzao wa kumweleza shida.

Waajiri husema wametoa fedha nyingi na ni haki wasipate hasara msichana akiondoka mwezi wa pili. Ni kweli wametoa, lakini dawa ya deni ni kulipa, na deni linaweza kuandikwa, likapungua kila mwezi wa kazi, na likadaiwa mahakamani kama madeni mengine. Tajiri wa Bagamoyo alijua kuliandika deni la nauli kwenye daftari karne moja na nusu iliyopita. Pasipoti ya mtu haina kazi katika hesabu hiyo. Serikali zetu zinapojadiliana na nchi za Ghuba zisiridhike na ahadi ya tiketi ya bure wala kiwango cha mshahara. Zidai haki ya kubadilisha mwajiri bila idhini yake, na zidai iwahusu wafanyakazi wa majumbani kwa kutajwa wazi. Na wewe unayeandaa safari, au unayemsindikiza binti au mdogo wako, usiishie kuuliza nani atalipa nauli. Uliza nini kitatokea akitaka kuondoka, na kama wakala hana jibu lililoandikwa, usitie saini.