Herufi Moja, Sauti Nyingi: Historia ya Lugha na Tungo za Pwani ya Tanga

Elimu ya historia ya lugha na elimu ya fasihi ni ndugu wawili waliozaliwa nyumba moja, lakini katika vyuo vyetu vikuu wamezoea kulala vyumba mbalimbali. Mwanafunzi wa shahada ya uzamili atakaye kuchunguza sauti za kale za Kiswahili hupewa orodha za maneno. Atakaye kuchunguza tenzi hupewa maudhui na dhamira. Kila mmoja hutoka na cheti chake, na ni nadra mmoja kumwuliza mwenziwe habari za njia aliyopita. Kusudi la insha hii ni kuonyesha, kwa ushahidi wa Tanga na mwambao wa Mrima, kwamba utengano huo watugharimu. Kwa ajili yake maandishi ya wazee wetu husomwa vibaya, na lahaja zetu hufa pasipo kuulizwa zilichokuwa zikikijua.

Tuanze na nchi yenyewe. Ni mikoa michache ya Tanzania iliyokusanya lugha za nasaba nyingi katika eneo dogo kama Tanga. Pwani kuna Kiswahili na lahaja zake, na upande wa kaskazini, kuvuka mpaka wa Kenya, kuna Kidigo. Hizi ni lugha za nasaba ambayo wataalamu huiita Sabaki, pamoja na Kipokomo, lugha nyingine za Kimijikenda, na Kingazija na wenziwe wa Komoro. Nyuma ya pwani kuna nasaba ya Seuta, yaani Kibondei, Kizigua, Kingulu na Kishambaa. Chini ya milima ya Usambara, huko Bwiti, kuna Kidhaiso, ambacho ndugu zake wa karibu ni Kikamba na Kikikuyu vilivyo mbali sana kaskazini. Na milimani kuna Kimbugu, lugha ya ajabu ambayo sarufi yake yafanana na Kipare ilhali maneno yake mengi yana asili ya Kikushi. Mwanafunzi anayeomba nauli ya kwenda mbali kutazama jinsi lugha zinavyozaana, zinavyohama na zinavyoazimana, na asimame kwanza juu ya kilima cha Muheza atazame pande zote nne.

Katika nchi hiyo mtu hujifunza upesi kwamba lugha si damu. Shaaban Robert, aliyezaliwa tarehe 1 Januari 1909 katika kijiji cha Vibambani karibu na Tanga, alikuwa wa ukoo wa Kiyao. Kiswahili kilikuwa chake kwa malezi na mapenzi, na hakuna aliyekipamba zaidi yake katika karne iliyopita. Kwa upande mwingine, wako watu katika bonde la mto Juba, nchini Somalia, ambao wazee wao walichukuliwa utumwani kutoka pwani yetu katika karne ya 19. Walivuka bahari bila mali wala hiari, lakini Kizigua chao kilivuka nao, na wajukuu wao wakaendelea kukisema. Mtu akidai kwamba historia ya lugha ni mchezo wa herufi na nyota za kidokezo, na aambiwe habari za watu hao.

Sasa na tuitazame kazi yenyewe ya elimu hii. Kiswahili husema njaa na mvua. Kigiryama, ndugu yake wa Sabaki, husema nzala na mvula. Twauliza: je, Kigiryama kimeongeza l, au Kiswahili kimeipoteza? Jibu limo kinywani mwetu wenyewe. Twasema nunua, lakini twasema nunulia; fungua, lakini fungulia; zaa, lakini zalia; twaa, lakini twalia; kataa, lakini katalia. Hiyo l yatoka wapi? Haikuletwa na kiambishi, maana piga hutoa pigia, wala hatusemi pigilia ila kwa maana nyingine. Basi ilikuwamo tangu zamani. Shina lilikuwa na l mwishoni. Ilipokaa kabla ya irabu ya mwisho ilidondoka, na ilipofunikwa na kiambishi ikasalimika. Yako maneno yaliyokaidi, kama lala, nayo yahitaji maelezo yake. Lakini kanuni ni dhahiri. Mtoto wa miaka minne husema nuninulie peremende, na katika kusema hivyo huhifadhi habari yenye umri mkubwa kuliko msikiti wowote wa mwambao huu.

Hapo mwanafunzi wa isimu hufurahi, akadhani kwamba orodha za maneno zamtosha. Lakini maneno ya leo hutupa mwanzo wa njia na mwisho wake tu; yaliyotukia katikati hatuyapati isipokuwa katika maandishi. Na maandishi ya kale ya Tanga, kwa sehemu kubwa, ni tungo.

Mtunzi aliye mashuhuri kuliko wote huko katika karne ya 19 ni Hemedi bin Abdallah el-Buhriy. Yeye ndiye aliyetunga utenzi wa vita vya Wadachi kutamalaki Mrima, unaohusu mambo ya mwaka 1307 wa Hijria, ulioanza Agosti 1889. Ndio mwaka ambao Abushiri bin Salim alinyongwa Pangani, mwezi wa Desemba. J. W. T. Allen aliutoa utenzi huo katika chapa mwaka 1955, ukatoka tena mwaka 1960. Allen huyo huyo alizunguka mwambao akikusanya miswada, na mwaka 1970 orodha ya miswada iliyowekwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapishwa. Hazina ipo, wala haiko ng'ambo. Swali ni nani awezaye kuisoma.

Nasema hivyo kwa sababu miswada hiyo iliandikwa kwa herufi za Kiarabu, nazo hazikufanywa kwa ajili ya ulimi wetu. Irabu zake ni tatu, ilhali zetu ni tano. Kwa hiyo alama moja yasimama mahali pa i na e, na nyingine mahali pa u na o. Katika miswada mingi baa yasomwa b, au p, au mb. Faa yasomwa f au v. Shini yasomwa sh au ch. Waandishi wengine waliongeza nukta na alama ili kupunguza utata, wengine hawakujali. Basi umbo moja la maandishi laweza kusomwa shuka, au shoka, au choka. Umbo jingine laweza kuwa penda au pinda. Mswahili aliyeusikia utenzi ukiimbwa hakusumbuka, maana alikuwa na wimbo masikioni kabla ya kuona wino. Bali sisi tunaokuja baadaye twaanza na wino.

Ni nani basi anayechagua kati ya shoka na choka? Ni mhariri. Kila utenzi wa kale tunaousoma kwa herufi za Kilatini umepita katika sikio la mtu mwingine, aliyeamua e au i, ch au sh, kwa kadiri ya ujuzi wake na lahaja aliyoizoea. Hapa ndipo mwanafunzi wa isimu huweza kupotea. Akitwaa kitabu kilichopigwa chapa, akahesabu sauti zake, akatangaza kwamba hivyo ndivyo walivyosema watu wa Mrima mwaka 1889, huenda akawa amepima sikio la mhariri badala ya ulimi wa mtunzi. Na mwanafunzi wa fasihi naye, anapofafanua uzuri wa neno fulani katika ubeti, huenda anasifu neno ambalo mtunzi hakuliandika.

Dawa ya maradhi haya imo katika tungo zenyewe, nayo ni vina na mizani. Ubeti wa utenzi una vipande vinne vya mizani 8. Vitatu vya kwanza hutoa kina kimoja, na cha nne huchukua kina kinachorudi tangu mwanzo wa utenzi hata mwisho. Hii ni sheria, na sheria ni shahidi. Kipande chenye mizani 7 chatuonya kwamba mnakili ameruka silabi, au msomaji amekosea kusoma. Vipande viwili vikiishia na moto na mtoto, na cha tatu kina neno la viungo vya kuonea, twajua kwamba mtunzi alisema mato, wala hakusema macho. Mnakili wa siku za baadaye, aliyelelewa katika Kiunguja, akiandika macho kwa nia njema, ameharibu kina, na kwa kuharibu kina amejifichua. Elimu ya ushairi ndiyo iliyomnasa, na elimu ya sauti ndiyo iliyoeleza kwa nini.

Hata hivyo ushahidi huu una mtego, na yafaa kuutaja. Mato, kitwa na ndia ni matamshi ya Kiamu na Kimvita, si ya Tanga. Mtunzi wa Mrima alipoyatia katika utenzi wake hakutuambia jinsi alivyosema na mkewe jikoni. Alivaa vazi la ushairi, na vazi hilo lilishonwa Lamu, Pate na Mombasa. Basi kina chathibitisha kilichotungwa, si lazima kilichosemwa mitaani. Atakaye kujua lugha ya mitaani hana budi kutafuta nathari pia. Kwa bahati Tanga inayo. Habari za Wakilindi, aliyoiandika Abdallah bin Hemedi, ilianza kupigwa chapa Magila mwishoni mwa karne ya 19, ikatolewa tena mwaka 1962. Ni historia ya watawala wa Usambaa, tangu kuja kwa Mbegha, iliyoandikwa kwa Kiswahili na mtu aliyewajua Wakilindi kwa kuishi nao. Ndani yake Kiswahili cha pwani na Kishambaa cha milimani hukutana. Jina la mfalme Kimweri ye Nyumbai latuonyesha nyumbai ya Kishambaa ikikaa jirani na nyumbani ya Kiswahili. Mwenye kuisoma kama kumbukumbu ya wafalme tu amekula ganda la nazi akaacha nyama.

Imebaki habari ya lahaja. Kusini ya mji wa Tanga, pande za Tongoni na Kigombe, ni nchi ya Mtang'ata. Jina hilo ni la kale; Wareno wa Vasco da Gama walilisikia, na mnamo Januari 1499 waliichoma moto merikebu yao São Rafael karibu na hapo, kwa kuwa mabaharia waliosalia hawakutosha kuiendesha. Magofu ya msikiti na makaburi ya Tongoni yangali yakitazama bahari. Lugha ya watu hao, Kimtang'ata, ni miongoni mwa lahaja za kusini. W. H. Whiteley aliieleza katika kitabu kidogo kilichotoka mwaka 1956. Lakini tangu mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulipochagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha kuanza kazi mwaka 1930, mtoto wa Mtang'ata amefundishwa kwamba maneno ya bibi yake ni makosa.

Sisemi kwamba uchaguzi ule ulikuwa mbaya. Lugha sanifu imetupa vitabu, shule na taifa linaloelewana. Nasema kwamba jengo likiisha kusimama si haki kuyafukia machimbo yaliyotoa mawe, hasa ikiwa hatujayapima. Magofu ya Tongoni yana mlinzi na kibao. Maneno ya Tongoni hayana mlinzi ila vinywa vya wazee, na kila mazishi hupunguza kinywa kimoja.

Kwa hiyo nawaomba wanafunzi wa uzamili, na walimu wanaowasimamia, mambo matatu. Kwanza, kila achunguzaye historia ya Kiswahili na ajifunze kusoma herufi za Kiarabu, kwa kuwa asiyeweza kuusoma mswada huishi kwa macho ya kuazima. Pili, kila achunguzaye utenzi wa kale na ajue kanuni za mabadiliko ya sauti, apate kutofautisha kosa la mnakili na desturi ya mtunzi. Tatu, wote wawili na waende Tongoni, Kigombe na Pangani wakiwa na daftari na heshima, wawasikilize wazee kabla ya kuwaeleza wazee lugha yao. Tasnifu moja itakayousoma mswada mmoja wa Tanga kwa njia hizi tatu itaifaa elimu yetu kuliko tasnifu kumi zinazorudia dhamira zile zile. Kazi hiyo ni ngumu, nayo haina haraka katika maktaba, ambako karatasi zaweza kungoja. Huko vijijini haingoji.