Ua wa Milusina

Nyumba tuliyokulia Majengo, mjini Dodoma, ilikuwa na ua wa milusina upande wa mashariki. Ng'ambo ya ua huo aliishi mama mmoja aliyeuza karanga sokoni. Sisi watoto tulimwita Mama Mkubwa, ingawa hatukuwa na undugu wa damu. Katikati ya ua palikuwa na uwazi, na kupitia hapo nyumba hizi mbili zilipeana makaa ya moto, chumvi na salamu.

Yafaa nieleze miti hiyo ilifikaje kwetu. Mwaka 1973 iliamuliwa kuwa makao makuu ya nchi yahamie Dodoma, na mwaka huo huo ukaanza mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, yaani HADO, kwa kuwa ardhi ya mkoa ilikuwa imeliwa na makorongo. Kupanda miti kukawa wito wa kila siku. Katika nchi ambayo mvua ya mwaka mara nyingi haifiki milimita 600, mti uotao upesi ni rafiki. Mlusina, wenye asili ya Meksiko na Amerika ya Kati, ulisifiwa duniani katika miaka ya 1970 na 1980 kuwa mti wa miujiza. Majani yake hulisha mbuzi na kurutubisha udongo, matawi yake ni kuni, na ukikatwa huchipua tena. Baba alipanda ya kwetu kwa mbegu alizopewa na rafiki yake.

Katika mvua za mwanzo wa mwaka 1995, machipukizi ya ua wetu yalijikunja, yakawa manjano, yakapukutika. Majani ya chini yalinata kama yaliyomwagiwa asali, kisha yakafunikwa na weusi kama masizi. Baba alitafuta sababu, na hakukawia kuipata. Mama Mkubwa alikuwa akichemsha karanga kwa maji ya chumvi, na maji hayo huyamwaga karibu na ua. "Kikulacho ki nguoni mwako," Baba alisema, kwa sauti iliyokusudiwa kuvuka upande wa pili. Kesho yake aliziba uwazi kwa bati. Mama Mkubwa hakujibu neno.

Wiki kadhaa baadaye alipita bwana misitu mmoja aliyefahamiana na Baba. Tulitazamia aanze kuchimbua udongo, lakini yeye alianza kwa maswali. Ugonjwa ulianza lini? Ulianzia mti gani? Je, miti mingine imeguswa? Akatuonyesha mpapai na mwarobaini iliyosimama katikati ya milusina, ikiwa imebeba majani mabichi kabisa.

"Mzee, chumvi ikiwa ardhini haichagui jina la mti," alisema. "Ingeichoma na hii."

Kisha akainamisha tawi la mlusina, akalikung'uta juu ya karatasi nyeupe. Wakaanguka wadudu wa urefu wa kama milimita mbili, wakaanza kurukaruka. Kwenye majani machanga palikuwa na mayai yao, mengi yasiyohesabika.

Huyo alikuwa chawa wa mlusina, ambaye wataalamu humwita Heteropsylla cubana. Asili yake ni Amerika, kama ulivyo mti wenyewe. Mwaka 1983 alionekana Florida, 1984 Hawaii, 1985 Ufilipino, 1986 Indonesia na 1988 India. Mwaka 1992 alikuwa amefika pwani ya Kenya na Tanzania, akapanda bara. Kila alikofika alikuta karamu imeandaliwa. Mlusina hujichavusha wenyewe, na mbegu zilizoenezwa duniani zilitokana na mimea michache, hivyo miti hiyo ilikuwa kama ndugu wa tumbo moja. Aliyeuweza mmoja aliiweza yote. Na maadui zake wa asili alikuwa amewaacha nyuma.

Baba akataka dawa ya kupulizia. Bwana misitu hakuafiki. Sumu, alisema, ingewaua pia buibui na wadudu wanaomla chawa, na machipukizi mapya yangevamiwa tena baada ya muda mfupi. Alishauri tukate matawi, tulishe mbuzi, na tupande miti ya aina nyingine kati ya ile. Katika miaka hiyo hiyo ya 1990, wataalamu walileta Afrika Mashariki nyigu wadogo sana ambao watoto wao huwala watoto wa chawa huyo. Milusina yetu mingi ilichipua tena, ingawa ua haukurudia unene wake wa zamani.

Jioni moja Baba alizunguka kwa njia ya barabarani, akiwa na kikapu cha zabibu. Mama Mkubwa alimpokea, akampa kiti, akasema, "Nimesikia, baba. Yamekwisha." Lakini Baba alipotaka kuondoa lile bati, aliombwa aliache. Likabaki pale hadi Mama Mkubwa alipohama.

Siku hizi nikiona mti unanyauka, huuliza kwanza ni mti gani wa jirani yake ulio mzima, kwa kuwa ule mzima nao ni shahidi. Na methali aliyoitumia Baba nimeitafakari sana. Ilisema kweli tupu: kilichotula kilikuwa nguoni mwetu, naye alikuwa chawa. Sisi ndio tuliompa sura ya jirani.