Duka la Dawa Lililoachwa Mahali Pake

Tukitaja historia twafikiria vita na watawala. Leo tutazame duka moja la dawa katika mji wa Alexandria, jimbo la Virginia, nchini Marekani.

Lilianzishwa mwaka 1792 na Edward Stabler, Mkristo wa jumuiya ya Waquaker. Katika nchi ambamo mtu aliuzwa kama ng'ombe, yeye aliupinga utumwa, hata akanunua watumwa ili awape uhuru wao. Baada yake duka lilipita kwa mwanawe William, kisha kwa ukoo wa Leadbeater, uliounganika nao kwa ndoa.

Mwaka 1933, wakati biashara nyingi zilipoanguka duniani, duka hilo nalo lilifungwa, baada ya miaka 141. Vitu vyake vikapigwa mnada. Hapo ndipo yote yangeweza kupotea: chupa huku, mizani kule, karatasi motoni. Lakini mfanyabiashara wa Baltimore, L. Manuel Hendler, alinunua vyombo vya duka asivihamishe. Wakaaji wa mji wakachanga fedha za kununua jengo, na mwaka 1939 duka likafunguliwa kuwa makumbusho. Tangu mwaka 2006 ni mali ya mji.

Hata leo, ghorofani, visanduku vya mbao vina majina ya dawa, na vingine vingali na majani makavu ndani. Kati ya karatasi imo barua ya mwaka 1802, iliyoandikwa kwa niaba ya Martha, mjane wa Rais George Washington. Anaagiza chupa ya mafuta ya mbarika yaliyo bora, pamoja na hesabu ya malipo. Karatasi hiyo ndogo yatuonyesha kwamba mjane wa rais alitumia dawa ambayo bibi zetu pia waliijua, na kwamba hakuiomba bure.

Chupa iliyoondolewa rafuni mwake ni chupa tu. Ikibaki pamoja na jina lake, daftari lake na jirani zake, yaeleza jinsi watu walivyougua na walivyotibiwa.

Tujiulize basi katika vikundi vyetu: katika mitaa yetu, ni zahanati gani au duka gani la zamani lingali na madaftari yake? Nani anayatunza? Twende tukamwulize mwenyewe, kabla karatasi hazijawa za kufungia karanga.