Vyoo vya 1973 na Hesabu za Mageuzi

Kwenye makongamano ya afya hapa Tanzania kuna kauli iliyorudiwa mpaka haiulizwi tena: kwamba afya ya msingi tuliipokea kutoka mkutano wa kimataifa wa Alma-Ata mnamo Septemba 1978, na kwamba wananchi walianza kushirikishwa kwa dhati pale mageuzi ya sekta ya afya yalipoanza katikati ya miaka ya 1990. Kauli hiyo inawafaa sana waandishi wa ripoti za tathmini. Anayeanzia 1994, nchi ikiwa imetoka kwenye miaka ya ukata, hakosi cha kujivunia. Nyaraka za kabla ya hapo zipo, nazo zinasimulia mengine.

Ya kwanza siku hizi hutajwa kwa nadra. Mwaka 1964 Richard Titmuss, profesa kutoka London, pamoja na wenzake waliikabidhi serikali ripoti juu ya huduma za afya za Tanganyika. Walishauri kasi ya kujenga hospitali ipunguzwe, vituo vya afya vijijini viwe ndio mhimili, na kinga isitenganishwe na tiba. Hiyo ni miaka 14 kabla ya Alma-Ata. Ushauri ulikaa. Mwaka 1971 peke yake zilifunguliwa hospitali mbili kubwa, KCMC kule Moshi na Bugando kule Mwanza, zilizojengwa na makanisa kwa misaada ya nje huku mzigo wa kuziendesha ukiielemea serikali. Oscar Gish, mchumi aliyefanya kazi ya mipango katika Wizara ya Afya, alieleza vizuri katika kitabu chake cha 1975 namna hospitali zilivyokuwa zikimeza bajeti. Mizani ilianza kuhama baada ya mkutano mkuu wa chama tawala, TANU, wa 1971. Wakati wa uhuru vituo vya afya vijijini havikuzidi ishirini na kitu. Kufikia 1980 vilikuwa zaidi ya 200.

Lakini majengo si kitu ninachotaka kukitetea hapa. Ninachokitetea ni Mtu ni Afya.

Kampeni hiyo ya 1973 iliratibiwa na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliyokwisha kujizoeza kwa kampeni ndogo za redio, Kupanga ni Kuchagua na Wakati wa Furaha. Kwa majuma 12 watu walikusanyika kwenye vikundi, wakasikiliza kipindi cha Radio Tanzania, wakasoma kitabu chao, wakajadili, kisha wakakubaliana la kufanya kabla ya kipindi kifuatacho. Somo lilikuwa maradhi wanayoyajua: malaria, kichocho, safura, kuhara damu, kifua kikuu. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walipewa mafunzo, na watu wazima karibu milioni 2 walishiriki. Vyoo vilichimbwa kwa malaki. Watu walifyeka vichaka, wakafukia madimbwi, wakachemsha maji.

Jambo linalosahaulika zaidi ni kwamba kampeni ilipimwa. Budd Hall na wenzake walikagua kaya kabla na baada, wakitazama kilichobadilika uani: kama choo kipo, kama maji yaliyotuama yameondolewa. Kipimo chao kilikuwa tendo la mwenye nyumba, wala hawakuridhika na idadi ya mikutano au ya vitabu vilivyogawiwa.

Wapo wanaosema kwamba yote hayo yalikuwa amri ya chama iliyovikwa joho la majadiliano. Kwamba mtu alichimba choo kwa kumhofia katibu kata na bwana afya, wala si kwa kumhofia minyoo. Hoja hii haifai kubezwa. Kumlazimisha mtu kuchimba choo hakukuanza na TANU. Mkoloni naye alikuwa na sheria zake za usafi, na wazee walizikumbuka. Hata hivyo, hofu haielezi kila kitu. Hofu ingetosha kuchimbisha shimo. Haitoshi kumkalisha mkulima juma baada ya juma akijadili mayai ya kichocho yanavyofika mtoni. Nadhani shuruti na hamu viliishi kijiji kimoja, mara nyingine ndani ya mtu mmoja.

Pigo kubwa zaidi dhidi ya kampeni hiyo halitokani na wakosoaji. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuhamia vijijini sasa ni amri, na Operesheni Vijiji ikaanza kuzoa watu. Kaya iliyokuwa imechimba choo mwaka ule iliweza kujikuta mwaka wa pili ikihamishiwa kwenye kiwanja kitupu, choo kikibaki kwenye mahame. Serikali ile ile iliyofundisha watu kukaa na afya zao mahali walipo iliwaondoa mahali hapo. Kipindupindu kilipozuka Rufiji mwaka 1977 na kusambaa nchini, kilikuta vijiji vyenye msongamano ambao vyoo na maji yake havikuwa vimewahi kuufikia. Ukitaka kusema Mtu ni Afya ilishindwa, sema kwanza ni nani aliyeihamisha.

Alma-Ata yenyewe naipita. Ujumbe wa Tanzania haukuwa na mengi ya kujifunza kule. Miaka ya 1980 nayo ni ya makovu ya vita vya Kagera, ukosefu wa fedha za kigeni na zahanati zisizo na dawa, isipokuwa mkoani Iringa, ambako kuanzia 1984 mpango wa lishe uliosaidiwa na UNICEF uliwafanya wanakijiji wenyewe kupima uzito wa watoto wao na kujadili majibu kwenye serikali ya kijiji.

Ndipo yakaja mageuzi. Mwaka 1993 kuchangia gharama kulianza katika hospitali kubwa, kisha kukashuka ngazi kwa ngazi. Mfuko wa Afya ya Jamii ulijaribiwa Igunga kuanzia 1996 na ukapata sheria yake mwaka 2001. Nimesoma maandiko mengi yanayouita huo ushirikishwaji wa wananchi. Sina subira nayo. Mwananchi aliyeitwa kujadili maradhi sasa aliitwa kutoa ada ya kaya, na kaya nyingi zilijibu kwa kutojiunga.

Haki yao niwape watu wa TEHIP, mradi wa kuboresha mipango ya afya wilayani. Kuanzia 1997, katika wilaya za Rufiji na Morogoro Vijijini, waliwapa waganga wakuu wa wilaya takwimu za watu wanaougua na kufa kwa nini, na fedha kidogo za kuongezea bajeti. Ilionekana kwamba fedha hazikuwa zikifuata maradhi. Zilipoelekezwa kwenye malaria na magonjwa ya watoto, vifo vya watoto chini ya miaka mitano vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40 katika miaka michache. Rufiji hiyo hiyo ya kipindupindu.

Mafunzo hayo hayakuenea kama yalivyostahili. MMAM, mpango wa 2007 hadi 2017, ulirudi kwenye majengo: zahanati kila kijiji, kituo cha afya kila kata. Serikali ilipoanza kuvipa vituo nyota mwaka 2015, karibu theluthi moja havikupata hata moja. Mkaguzi wa nyota huangalia dawa, watumishi, maji na kumbukumbu za kituo. Uani kwa watu haendi.

Januari 2024 ulizinduliwa mpango wa kuandaa wahudumu wa afya ngazi ya jamii zaidi ya 137,000 kwa miaka mitano. Wahudumu wa vijiji wa miaka ya 1980 waliachiwa serikali za vijiji kuwalipa, nazo hazikuwa na kitu, wakarudi mashambani mmoja mmoja. Safari hii posho imepangwa. Atakayefanya tathmini ya 2029 atakuta idadi yao imeshaandikwa tayari kwenye jedwali. Fomu ya kukagua kaya, kama ile ya 1973, sijaona bado kama kuna aliyeanza kuichapa.