Jimbo Lipi Limetangulia?

Katika mikutano yetu mikuu ya miaka kumi hii halikukosa kuzuka swali moja: ni sehemu ipi ya nchi iliyotangulia kwa biashara na mitambo, nasi tu wa ngapi? Wako waulizao kwa fahari, na wako waulizao kwa uchungu. Sisi tushikao vitabu vya chama twaona yafaa historia itangulie kujibu.

Tuanze na Kilimanjaro. Mwaka 1925 wakulima wa kahawa wa huko, wakiongozwa na Joseph Merinyo, waliunda chama chao wenyewe, ingawa walowezi wengi hawakupenda Mwafrika alime kahawa. Sheria ya Vyama vya Ushirika ilipotungwa mwaka 1932, mahali pa chama kile pakashikwa na KNCU, iliyoandikishwa mwaka 1933.

Lakini tazameni Bukoba. Wahaya waliijua buni kabla ya kuja wakoloni. Waliichemsha, wakaikausha, wakaitafuna na kumkaribisha mgeni kwayo. Hata hivyo chama chao kikuu kiliandikishwa mwaka 1950, miaka 17 baada ya kile cha Moshi. Basi aliyetangulia kwa zao hakutangulia kwa chama.

Wakulima wa pamba wa Jimbo la Ziwa, kama lilivyoitwa siku zile, walichelewa zaidi, nao walianzia kwenye mizani. Walipochoka kupunjwa na wanunuzi, waliweka watu wao wa kupima pamba upya. Katika kupima huko vikazaliwa vyama vya msingi, na mwaka 1955 Shirikisho la Victoria, chini ya Paul Bomani. Kabla miaka kumi haijatimia, wakulima hao walikuwa na viwanda vyao vya kuchambua pamba, na mbegu zao zilitoka kwa wataalamu wa Ukiriguru, karibu na Mwanza. Aliyekuwa nyuma akawapita wengi.

Kisha ukaja mwaka 1976. Vyama vikuu vyote vilivunjwa, na kazi yao ikapewa mamlaka za mazao. Siku hiyo wa kwanza na wa mwisho walikuwa sawa, kwa maana hakuna mwanachama aliyebaki na kura juu ya mazao yake. Sheria ya mwaka 1982 ndiyo iliyofungua tena njia.

Kwa hiyo, ndugu wanachama, cheo cha jimbo hakipimwi kwa rutuba wala kwa wingi wa mitambo. Hupimwa kwa jambo hili: mizani ni ya nani, mtambo ni wa nani, na nani asomaye hesabu zake. Sisi wenyewe tulionywa. Katika mwaka wetu wa tatu mizani ya kituo chetu kimoja ilikuwa ikipunja, na aliyeigundua si mkaguzi wala sisi wa ofisini, bali mwanachama aliyepima gunia lake nyumbani kwanza.

Mwaka huu mkutano mkuu utaamua kama ziada yote igawanywe, au sehemu yake iwekwe akiba ya kununua mtambo wetu wenyewe. Twajua karo za watoto hazingoji. Hatumwamulii mtu, twaomba tu kila mjumbe aje akiwa amezisoma hesabu. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba kisicholindwa na mwenyewe hujazia ghala la mwingine.